Kuhusu Samaki Dume Uliyenipa kwa Jina la Mtamba

Juru, Makazi ya Wakimbizi ya Nakivale
Alhamisi, mwezi wa nane, 2009

Kwa Sajini Jovan,
Nyumba za familia za wanajeshi,
Mbarara

Afande, ndugu yangu kwa ng'ombe,

Nakuandikia nikiwa nimeketi, nimekunywa chai, na nimeomba Mungu kwanza, usije ukadhani kwamba hasira ndiyo iliyoshika kalamu. Hasira nilikuwa nayo Jumatatu, ulipopiga simu. Leo nina hoja tu.

Ulisema kwenye simu, na mke wangu Mukandoli alisikia akiwa jikoni, maana wewe huzungumza na simu kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde: "Mzee, Jumamosi nakuja kuchukua ndume yangu. Weka tayari, mimi nakuja na ndoo." Ndume unayemtaka ni yule samaki wa buluu. Barua hii inakuomba kwa heshima zote usije na hiyo ndoo. Au ukija nayo, umtie ndani yule wa kahawia, uondoke naye, utuachie wa buluu, kwa sababu huyo wa buluu ndiye mtamba wangu halisi. Nitaeleza. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi kule Kongo, milimani juu ya Uvira, na najua kwamba jambo lisiloelezwa polepole hurudi kumwaibisha mwalimu siku ya mtihani.

Kwanza nikumbushe tulikotoka, maana huenda barua hii ikasomwa pia na mkeo Natukunda, naye ndiye shahidi wetu.

Tulijuana Bwizibwera, kwenye kituo cha kupokea maziwa, wewe ukiwa likizo kwenu na mimi nikiwa nimemsindikiza mgonjwa kwa jamaa zake. Watu wote pale walizungumza habari za bei. Sisi wawili tukazungumza habari za ng'ombe. Ulinieleza pembe za ng'ombe wa baba yako, moja baada ya nyingine, mpaka chai ikapoa. Mimi nilikueleza wangu, walioishia vitani mwaka 1996. Huwa sipendi kuwaeleza kwa mtu asiyefuga, kwa sababu atauliza tu walikuwa wangapi. Wewe hukuuliza walikuwa wangapi. Uliniuliza majina yao.

Kwenu na kwetu, hata kama mpaka umepita katikati, jambo hili ni moja: urafiki wa kweli hufungwa kwa ng'ombe. Mtu humpa mwenzake mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Mtamba akizaa, ndama jike wa kwanza hurudishwa kwa aliyetoa, na tangu siku hiyo watu hao ni ndugu, hata watoto wao hawawezi kushtakiana. Ulipofika wakati wa kufanya hivyo ulishika kichwa ukasema, "Mzee, kwa nyumba ya jeshi ng'ombe hawakubali. Lakini mimi siwezi kukuacha hivi hivi." Ndipo ukanipeleka sebuleni kwako, penye lile tangi la kioo uliloachiwa na daktari jirani yako alipohamia Kampala, na ndani yake samaki wa jamii ya nkejje. Wenzetu huwabanika wadogo hao juu ya vijiti na kuwapikia watoto wenye surua. Wewe uliwalisha, ukawazalisha, ukawapenda.

Ukanipa mmoja wa kahawia, ukasema, "Huyu ni mwanamke. Huyu ndiyo ng'ombe yangu kwako." Hatukufanya mchezo. Tulikunywa maziwa, tukapiga makofi kama inavyopasa, nikampa jina la Bihogo, kama angeitwa ng'ombe yeyote wa rangi hiyo kwenu au kwetu. Na kwa kuwa jike peke yake hazai, ukaniazima fahali, yule wa buluu, ili amhudumie kisha arudi kwako, kama majirani walivyokuwa wakiazimana fahali tangu zamani. Niliwaleta Juru ndani ya jerikeni iliyokatwa shingo, nimeikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, na tangi dogo la kioo ulilonipa likanifuata nyuma.

Tangu nivuke mpaka, Afande, nimepewa vitu vingi. Nimepewa turubai, unga wa mahindi, mafuta ya kupikia, blanketi. Nashukuru kwa vyote. Lakini vitu hivyo hupewa mtu kwa sababu hana. Mtamba hupewa mtu kwa sababu ni mtu. Wewe ndiye wa kwanza kunipa mtamba katika nchi hii, na mimi nina wajibu mmoja tu, kukurudishia ndama jike. Nikishindwa hilo, nitakuwa yule aliyepokea tu, na huyo tayari ninaye humu ndani yangu, simhitaji wa pili. Sasa basi, dume hazai. Uone mwenyewe uzito wa malalamiko yangu, ambayo nimeyapanga kwa namba ili yakusaidie kujibu.

Lalamiko la kwanza: kwamba ulinipa dume ukamwita mtamba.

Ushahidi upo chini ya mkia. Huyu wa buluu, ambaye ulisema ni fahali wa kuazima, ana mayai. Wala hayajifichi. Yako kwenye pezi la chini, karibu na mkia, ya mviringo, ya manjano, yamezungushiwa mstari mwembamba, yamepangwa vizuri kama vifungo vya shati la Krismasi. Mtu akisimama mlangoni anayaona. Wa kahawia hana kitu. Kote ni kahawia tu, kama ukuta wa udongo.

Najua utajibu nini, kwa sababu ulishajibu nilipokuuliza mara ya kwanza, ukicheka mpaka ukashika meza: "Ssebo, hayo si mayai. Ni picha ya mayai. Ndume inajichora hivyo, mwanamke akiona anakuja karibu." Nimeitafakari kauli hiyo kwa uvumilivu, nikipalilia maharage, nikichota maji, hata kanisani wakati wa matangazo. Nimeishi na wanyama tangu kabla sijaota meno ya pili, nami nakuuliza: ni fahali gani ulimwona amejichora kiwele? Ni jogoo gani anatembea na picha ya yai? Mungu alipoumba dume alimpa pembe, akampa nundu, akampa sauti. Hakumpa picha za kudanganyia. Uongo dume alijifunza mwenyewe baadaye, na hata hivyo anautoa kwa mdomo, si kwa mkia.

Mukandoli, ambaye hakusoma sana lakini amezaa watoto saba, alimtazama wa buluu siku ya kwanza tu akasema, "Huyu amevaa kama bibi-arusi. Mwanaume gani anavaaka vile?" Utasema jogoo naye anapendeza. Nakubali. Lakini jogoo hana mayai mkiani, kwa hiyo tunarudi pale pale.

Lalamiko la pili: kwamba uliniagiza uchunguzi usio wa adabu.

Nilipokuwa bado na shaka, ulinielekeza hivi: "Lowesha mkono, mshike polepole, mgeuze tumbo juu. Iko matundu mawili. Yakiwa sawa, ni ndume. La nyuma likiwa kubwa, ni mwanamke." Afande, mimi ni mzee wa kanisa. Hata hivyo nilitaka kukutendea haki. Nilingoja Mukandoli aende shambani, nikafunga mlango, nikavaa miwani ya kusomea, nikawageuza wote wawili, mmoja baada ya mwingine, nikiwaomba radhi. Wa buluu aliteleza akaangukia ndani ya bakuli la mboga ya sombe, na ilibidi nimwoshe kabla ya kumrudisha.

Nilichokiona ni hiki: matundu madogo kuliko ncha ya kalamu hii. Hukusema yalinganishwe kwa kipimo gani. Ndama unamwinua mkia, na jambo limekwisha, hata mtoto anaweza. Hapa nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi. Na bado nikiwa na wa kahawia mkononi, tumbo juu, miwani imefika puani, jirani yangu Yonatani akaingia. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa kamba tu. Akatazama, akaniuliza, "Muzee, unamutafuta nini mule?" Nikamrudisha samaki majini, nikavua miwani.

Lalamiko la tatu: kwamba mnyama wako alikula mayai ya mkewe, mbele ya mashahidi.

Wa buluu alianza kuchimba. Alikuwa akichota mchanga kwa mdomo, akienda kuumwaga pembeni, akirudi, mpaka akawa ametengeneza shimo la mviringo kama sahani. Mwenyewe alilifagia kwa mkia. Nikamwambia Mukandoli, hizo ni dalili, anayetandika kitanda ndiye anayejua kwamba atalala. Kisha akaanza kutetemeka mwili mzima mbele ya wa kahawia, kwa namna ambayo yeyote aliyewahi kumsubiri mke wake nje ya chumba cha wakunga ataitambua. Wakawa wanazunguka, kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule, wakizunguka, wakizunguka, na mara mayai yakaonekana juu ya mchanga.

Yalitoka kwa nani, sikuona vizuri, kwa sababu dakika ile Mukandoli alikuwa amesimama kati yangu na kioo. Naye anasema hakuona kwa sababu alikuwa ananitazama mimi, akiniambia nisimsukume. Lakini kilichofuata tulikiona sote wawili. Wa kahawia aligeuka, akayaokota yote kwa mdomo, moja baada ya jingine. Hakubakiza. Na kana kwamba hayakumtosha, alimfuata wa buluu akawa anadonoa hata yale ya kwenye pezi. Mukandoli aligonga kioo kwa mwiko: "Tema. We mwizi, tema." Hakutema. Alikwenda kujificha nyuma ya kipande cha chungu nilichowawekea, mashavu yamejaa, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Baba anayekula mayai ya mkewe, kwetu hapewi hata jina la mnyama. Na mimi nilikuwa nimempa jina zuri la ng'ombe.

Lalamiko la nne: kwamba mnyama huyo ni mgonjwa, na kwamba ugonjwa wake unajulikana.

Tangu siku hiyo hali kitu. Wiki ya kwanza imepita, ya pili imepita. Nikimwagia chakula, wa buluu anakimbilia, yeye anatazama tu. Anakaa pembeni, rangi imemfifia, na chini ya taya amevimba uvimbe unaoonekana wazi. Nilimwita Yonatani, ambaye unajua kwamba huko milimani alikuwa akitibu ng'ombe wa watu wengi. Alichutama mbele ya tangi kwa muda mrefu, mikono nyuma, akasema, "Hii ni ndigana. Angalia tezi za chini ya shavu. Ngombe anaanzaka hivi hivi. Lete musumari, tutie mu moto, tumuchome hapa na hapa."

Natukunda akisoma asishtuke. Ndigana ni ile homa inayoletwa na kupe, na ng'ombe wake huvimba tezi na kukataa majani. Zamani wazee walichoma uvimbe kwa chuma cha moto, na wengine walipona, au tuseme hawakufa siku hiyo. Nilikataa kwa sababu moja ya kisheria: mnyama mwenye kesi hachomwi kabla mwenye mali hajaarifiwa. Nilimtafuta kupe mwili mzima kwa miwani, sikumpata. Yonatani alijibu kwamba kupe labda alizama, lakini homa ikabaki. Kwa hiyo nimetia chumvi kidogo kwenye maji, na asubuhi na jioni naendelea kumimina maji kwa jagi kutoka juu ili yaingie hewa, maana Juru hatuna umeme wa kuendesha ile mashine yako inayotoa mapovu.

Jambo moja tu halijakaa sawa. Mdomo wake unatafuna. Hana chakula, lakini unatafuna, polepole, mchana kutwa. Mukandoli akasema, "Iko nacheua." Yonatani akamjibu kwamba ngombe mwenye ndigana hacheui. Mukandoli akamjibu kwamba basi si ndigana. Yonatani akasema basi si ngombe. Wakaendelea hivyo mpaka chakula cha jioni kikaungua.

Nilikupigia simu. Uliposikia maneno "uvimbe" na "msumari," ulipiga kelele, "Mzee, wapi! Usimguse, hiyo ni..." kisha simu ikakatika. Nimeamini kwa moyo wote kwamba neno lililofuata lilikuwa la kuomba msamaha.

Lalamiko la tano: kwamba ndoa hii inavunja heshima ya Juru.

Wa buluu anampiga wa kahawia. Nasema hili kwa masikitiko. Anamkimbiza kutoka kona hadi kona, amemchana pezi la mgongoni. Na kwa kuwa nimekwisha kuthibitisha hapo juu nani ni mke na nani ni mume, maana yake ni moja tu. Habari zilitoka nyumbani kwangu zikafika kwenye bomba la maji kabla ya adhuhuri. Uwera, ambaye ni mwenyekiti wa akina mama wa kwaya, alitangaza pale pale: "Mwende muone kwa Muzee Muhirwa. Kule bibi ndiye anachapaka bwana, na bwana ananyamazaka. Hata kula hali."

Jumapili baada ya ibada walikuja. Wakaketi mbele ya tangi kama watu wanaosikiliza mahubiri. Wengine walirudi Jumatatu na wenzao. Mmoja alisema, akimwonyesha wa kahawia kwa kidole, "Angalia namna bwana yangu angependezaka." Wiki hiyo akina baba walikuwa na kikao, na mimi, mzee wa kanisa, nilikuwa ndiye ajenda. Waliniomba kwa upole nifunike tangi kwa kitambaa mpaka jambo lipoe. Nimefunika. Wanawake wanafunua.

Na ushauri wako katika jambo hili, Afande, ulikuwa upi? Ulisema, "Ongeza wanawake wengine watatu, ndume itatulia." Hebu tuangalie pamoja. Kwanza, unamshauri mzee wa kanisa afungishe ndoa ya wake wanne chini ya paa lake. Pili, na hili ni baya zaidi, mke mmoja tu amemfikisha maskini huyu nyuma ya chungu, akiwa na njaa na uvimbe. Ukileta watatu zaidi, tutazika. Na akina mama wa kwaya watakuja na mikeka.

Lalamiko la sita, ambalo ndilo lililonifanya ninunue karatasi.

Jumamosi unataka kumchukua wa buluu. Nikikubali, nitabaki na dume mgonjwa, mla mayai, anayepigwa. Ndama sitapata. Nikikutana nawe mwakani, tutaulizana habari za afya na mvua. Mwaka utakaofuata utanitumia salamu. Watu watauliza, yule sajini aliyekupa mtamba, mlimalizana vipi? Nitasema nini? Ukimpa mtu dume kwa jina la mtamba, umempa kitu ambacho hawezi kukirudisha, na hivyo ndivyo nilivyopewa vitu vyote tangu nifike hapa. Sikudhani wewe nawe ungenipa hivyo.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Umchukue Bihogo, nami nitampatia jina jingine lisilo na aibu kabla hajaondoka. Na wa buluu abaki, awe ndiye mtamba uliyekusudia kunipa, maana nataka kuamini kwamba ulikosea samaki na si mtu.

Ukikataa, basi tuvunje jambo hili vizuri, kama lilivyofungwa. Nitakuja Mbarara na samaki wote wawili. Natukunda awepo, maziwa yawepo, tusiyanywe. Baada ya hapo nitaacha kukuita ndugu kwa ng'ombe. Nitakuita Sajini, na wewe utaniita mkimbizi, na tutasalimiana vizuri tu, kama watu wengine wote wanavyosalimiana.

Nimemaliza. Msalimie sana Natukunda, mwambie kikombe alichoniazima kimefika salama na hakijapasuka. Wasalimie watoto, hasa yule aliyenionyesha jinsi ya kuwalisha samaki kidogo kidogo. Msalimie baba yako Bwizibwera na ng'ombe wake wote kwa majina. Msalimie na yule mlinzi wa getini ambaye huniuliza kila mara ninakwenda kwa nani, huku akijua. Mukandoli anakusalimu. Yonatani anakusalimu na anasema musumari bado upo.

Mimi niliyekuwa, na ambaye ningependa kuendelea kuwa, ndugu yako,

Muhirwa

Nyongeza baada ya sahihi:

Afande, nilikuwa nimekwisha kukunja karatasi na Arthur wa pikipiki, anayekuletea barua hii, alikuwa tayari ameiwasha, Mukandoli akaniita kutoka ndani, "Baba, kuya. Kuya mbio." Nilikwenda na barua mkononi.

Bihogo alikuwa ametoka nyuma ya chungu. Alifungua mdomo, na wakatoka watoto. Wadogo kama ufuta, lakini na macho, na mkia, na kila kitu, wanaogelea wenyewe. Walitoka kama darasa la kwanza kengele inapolia. Yonatani, aliyekuwa amenifuata ndani, alipoinama kuona vizuri, kivuli chake kikaangukia maji, na Bihogo akafungua mdomo tena, na wote wakarudi ndani, akaufunga. Yonatani alikuwa wa kwanza kusema. Alisema, "Basi ile haikuwa ndigana." Kisha akatoka nje, akakaa kwenye jiwe, na nilimsikia akimshukuru Mungu kwa sauti ya chini kuhusu habari za musumari.

Kwa kuwa karatasi imekwisha na Arthur anasubiri, siwezi kuandika upya. Nakuomba uisome barua hii hivi: palipoandikwa dume, soma jike. Palipoandikwa mwizi, soma mama. Palipoandikwa hali kitu kwa ugonjwa, soma kwamba mdomo wake ulikuwa na kazi nyingine. Lalamiko la tano sijui lisomwe vipi. Akina baba watafurahi na akina mama watasikitika, na mimi sitaki kuwa ajenda mara ya pili. Lalamiko la pili linabaki kama lilivyo.

Picha ya mayai nimeikubali. Bado naona haikuwa lazima.

Fahali wako njoo umchukue, amefanya kazi yake. Bihogo anabaki na jina lake. Lakini sasa lipo jambo la ndama wako, na hapo naomba msaada wako, si hoja. Hawa watoto wote ni wa rangi moja. Wote wanafanana na mama yao, na sioni tofauti yoyote, wala siyaamini tena macho yangu, wala sitamgeuza mtoto wa siku moja tumbo juu. Itabidi wakue kwanza ndipo tujue ni yupi jike wa kukurudishia. Kwa hiyo Jumamosi uje na ndoo mbili, Afande. Moja ya fahali wako. Ya pili iache kwangu tupu, ili uwe na sababu ya kurudi.